Orodha ya barua pepe za wageni: namna kampuni ndogo ya utalii inavyoweza kuijenga, kuisafisha na kuilinda

Kampuni nyingi za utalii za Arusha, Moshi na Zanzibar zina orodha ya barua pepe ambayo hakuna mtu aliyekaa chini akaijenga. Imejikusanya tu: wageni waliowahi kulala kambini, watu walioomba bei kisha wakanyamaza, mawakala waliobadilishana kadi kwenye maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair au ITB Berlin, daftari la wageni la mapokezi, na faili la Excel lililoachwa na mfanyakazi aliyekwishaondoka. Msimu ukilegea, mtu ofisini anasema, "Tuwatumie wote ofa." Barua elfu nne zinatoka kwa mkupuo. Mamia zinarudi, wapokeaji kadhaa wanabofya kitufe cha kuripoti barua taka, na baada ya hapo hata ankara na uthibitisho wa safari za wageni waliokwishalipa zinaanza kuangukia kwenye barua taka. Hasara kubwa iko hapo, maana mgeni asiyeona barua ya kupokelewa uwanja wa ndege wa KIA ni tatizo zito kuliko ofa isiyosomwa.

Kila anwani iliyomo kwenye orodha iwe na majibu matatu: ilitoka wapi, ilitolewa lini, na mwenyewe aliambiwa itatumika kwa nini. Isiyo na majibu hayo haipelekewi tangazo, hata kama ni ya mgeni aliyeondoka amefurahi.

Jedwali kwanza, programu baadaye

Kabla ya kuchagua programu ya kutumia barua kwa wingi, iwe Mailchimp, Brevo, MailerLite au nyingine, panga jedwali lenye safu hizi:

- anwani ya barua pepe
- jina ambalo mtu anapenda kuitwa
- lugha anayosoma na nchi anayoishi
- chanzo, kwa maneno mahususi: "fomu ya tovuti, ukurasa wa Serengeti", "kadi ya mapokezi, kambi ya Tarangire"
- tarehe na saa aliyojiunga
- toleo la maneno ya ridhaa aliyoyasoma
- ushahidi: anwani ya IP (namba ya mtandao aliotumia) kwa fomu ya mtandaoni, picha ya kadi kwa fomu ya karatasi
- hali: anasubiri kuthibitisha, hai, amejiondoa, imekufa, amelalamika

Safu ya toleo la maneno ndiyo inayosahaulika. Fomu hubadilishwa kila mara; leo inasema "barua moja kwa mwezi", mwakani inasema "ofa na habari za washirika wetu". Aliyejiunga kwa maneno ya kwanza hakukubali ya pili. Hifadhi kila toleo kwenye faili moja, ulipe namba, na namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye jedwali.

Namba za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, mzio wa chakula na hali ya kiafya aliyoieleza mpanda Kilimanjaro vibaki kwenye faili la safari. Visihamishiwe kwenye orodha ya matangazo kwa kisingizio kwamba siku moja vitasaidia kuandika barua inayomgusa mtu binafsi. Orodha ikivuja, utashukuru kwamba ilikuwa na anwani na majina tu.

Pitia chanzo kimoja kimoja

Wageni waliolipa na kusafiri na wewe moja kwa moja ndio walio karibu zaidi na ridhaa, lakini hata wao wanatofautiana kwa nchi. Kwa mgeni wa Umoja wa Ulaya, kanuni za mawasiliano ya kielektroniki zinaruhusu kumwandikia mteja wako kuhusu huduma zinazofanana na alizonunua, ilimradi alipewa nafasi ya kukataa wakati anatoa anwani, na apewe nafasi hiyo tena katika kila barua. Kama fomu yako ya kuhifadhi nafasi haikumpa nafasi ya kukataa, mlango huo haukufunguka. Kwa Kanada, sheria yao inayotumika tangu Julai 2014 inahesabu ridhaa ya kudokezwa, yaani isiyotamkwa, kwa miaka 2 baada ya mtu kununua, na miezi 6 tu baada ya kuuliza bei. Kwa hiyo Mkanada aliyeomba bei ya safari ya Ngorongoro mwaka juzi akanyamaza, huna ruhusa ya kumwandikia tangazo leo.

Wageni walioletwa na wakala ndio wanaoleta makosa mengi. Wakala wa Munich anakutumia majina, ndege wanazokuja nazo na barua pepe za wageni ili dereva wako awapokee. Umepewa anwani hizo kwa kazi hiyo. Kuziingiza kwenye orodha yako ya ofa ni kutumia taarifa kwa jambo ambalo mwenyewe hakuambiwa, na pia ni kumzunguka wakala aliyekuamini. Wakala akigundua, na huwa wanagundua kwa sababu mgeni humuuliza, biashara hiyo imekwisha. Ukitaka wageni hao, mpe kila mmoja kadi ya kujiunga siku ya mwisho ya safari, kwa makubaliano na wakala, naye aijaze mwenyewe akipenda.

Kadi za biashara za maonyesho zinaruhusu barua moja ya mtu kwa mtu: "Tulizungumza kuhusu safari za familia mwezi Julai, hii hapa bei niliyokuahidi." Mwishoni mwa barua hiyo unaweza kuweka kiungo cha kujiunga. Kutupa kadi mia mbili kwenye programu ya barua za wingi ni jambo jingine kabisa.

Daftari la wageni la mapokezi lina kasoro mbili. Kila anayeandika anaona anwani za waliomtangulia, na mwandiko wa mkono hukosea: u na v, namba 1 na herufi l, kistari cha kati na kistari cha chini. Badala yake tumia kadi ndogo, moja kwa kila mtu, yenye vijisanduku vya herufi moja moja. Mpokea wageni amsomee mgeni anwani aliyoiandika kabla mgeni hajaondoka. Kadi ziingizwe kwenye mfumo siku hiyohiyo, zipigwe picha, kisha zifungiwe. Njia rahisi zaidi ni msimbo wa QR mezani unaofungua fomu kwenye simu ya mgeni. Hapo anaandika mwenyewe na makosa yanapungua sana.

Orodha zinazouzwa, za "barua pepe 50,000 za watalii wa Ulaya" au "wafanyabiashara wote wa Dar es Salaam", usinunue hata kwa bei ya kutupa. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekupa ruhusa, na humo mna anwani za mitego: anwani ambazo hazijawahi kuwa za mtu yeyote, zilizopandwa kwenye tovuti ili anayezichota na kuzitumia ajulikane ni mtumaji wa barua taka. Ukigusa chache tu, kikoa chako, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, kinaweza kuingia kwenye orodha za kuzuia watumaji kama ya Spamhaus, na kutoka humo ni kazi.

Kuna chanzo kingine kinachohitaji uangalifu kwa wateja wa hapa nyumbani. Watu wengi hufunguliwa akaunti ya Gmail na muuza simu siku wanaponunua simu ya Android, hawaisomi, wakibadilisha simu nenosiri limesahaulika na inafunguliwa akaunti nyingine. Tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Orodha ya wateja wa ndani iliyokaa bila kutumika huwa na anwani nyingi za aina hiyo. Kwenye fomu ya Watanzania na Wakenya ongeza swali moja: "Ungependa tukufikie kwa barua pepe au kwa WhatsApp?" Anayechagua WhatsApp usimlazimishe kuandika barua pepe.

Fomu na uthibitisho

Maneno ya ridhaa yaeleze nani anatuma, anatuma nini, na mara ngapi. Kwa mfano: "Ndiyo, nitumieni barua moja kwa mwezi kuhusu safari zenu, bei za msimu na habari za hifadhi. Ninaweza kujiondoa wakati wowote." Kisanduku kiwe kitupu, mgeni aweke tiki mwenyewe, kilichowekwa tiki tayari si ridhaa kwa sheria ya Ulaya. Kisiunganishwe na masharti ya safari, wala safari isiwe na sharti la kujiunga. Maneno hayo yatafsiriwe kwa kila lugha ya tovuti yako, maana Mfaransa aliyekubali maneno asiyoyaelewa hajakubali kitu.

Baada ya kujaza fomu, mtu apokee barua yenye kitufe kimoja cha kuthibitisha. Barua hiyo isiwe na picha za simba wala ofa. Iseme nani ameomba, wapi, na kwamba asipothibitisha hatapokea kitu. Kiungo kidumu siku 7, kisha anwani ifutwe. Hatua hii inaondoa anwani zilizokosewa, inazuia mtu kumwandikisha mwingine, na inakupa ushahidi wa tarehe na saa.

Panapoharibika ni hapa: ofisi na benki nyingi zina programu za usalama zinazofungua kila kiungo ndani ya barua kabla ya mpokeaji kuiona, ili kukagua virusi. Kama kiungo chako kinathibitisha papo hapo kinapofunguliwa, programu hiyo itakuwa imemthibitisha mtu ambaye hajagusa kitu. Kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe cha pili, "Thibitisha", na kitufe hicho ndicho kihesabiwe.

Weka pia kwenye fomu nafasi moja ya kujaza iliyofichwa, ambayo binadamu haioni. Ikijazwa, ujue aliyejaza ni roboti, yaani programu; itupe fomu hiyo. Fomu zisizo na kinga hutumiwa na wahalifu kumfurikisha mtu mmoja kwa maelfu ya barua za "thibitisha" kutoka tovuti mbalimbali, ili ile ya benki inayomwonya kuhusu wizi izame humo.

Sheria zinazokugusa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu ana haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Sheria hiyo ina masharti pia kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, na programu nyingi za kutuma barua huhifadhi orodha kwenye seva za Marekani au Ulaya. Iulize Tume kuhusu jambo hilo unapojisajili, usiliache hadi siku ya malalamiko.

Kwa ofisi ya Nairobi au Mombasa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa kama kuna sheria nyingine inayoruhusu na mtu aliarifiwa wakati taarifa zinakusanywa. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo.

Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inakufikia ukiwa Arusha kama unawalenga watu walioko huko. Tovuti ya Kijerumani yenye bei za yuro ni dalili tosha. Inadai uweze kuthibitisha ridhaa, na kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Marekani haidai ridhaa ya kabla, ila inadai kichwa cha barua kisichodanganya, anwani halisi ya posta ndani ya barua, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Ukiwa na wageni wa nchi zote hizi, usijenge taratibu nne. Fuata iliyo kali zaidi kwa wote.

Kikoa kiwe na vitambulisho vyake

Tuma kutoka kwenye kikoa chako, kamwe si kutoka anwani ya @gmail.com kupitia programu ya wingi, kwa sababu programu hiyo haina mamlaka ya kusaini kwa niaba ya Gmail. Na usitumie Gmail ya kawaida kutuma kwa wingi kwa kuweka watu kwenye Bcc, ambako wapokeaji hawaoni anwani za wenzao. Akaunti ya bure ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, haina njia ya kujiondoa, na siku moja mtu ataweka anwani hizo kwenye Cc, ambako kila mmoja anaziona zote.

Kwenye mipangilio ya DNS, yaani maelezo ya kikoa yanayosomwa na seva nyingine, kwa aliyekuuzia kikoa, ziwekwe rekodi tatu. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM inaweka saini kwenye kila barua. Tumia ufunguo wa biti 2048. DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo. Rekodi ya kuanzia ya DMARC huandikwa hivi, chini ya jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kampuniyako.co.tz

Soma ripoti zake kwa wiki kadhaa, uone kama kuna mfumo wako halali unaoshindwa, kwa mfano ule wa ankara au wa kuhifadhi nafasi. Ukiwa na hakika, badilisha none (usichukue hatua) kuwa quarantine (weka kwenye barua taka), kisha reject (kataa). Kosa la kawaida kabisa ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya Google na nyingine ya programu ya matangazo. Kikoa kinaruhusiwa moja tu. Zikiwa mbili, zote hazihesabiwi. Ziunganishe kwenye mstari mmoja, na maulizo ya DNS ndani yake yasizidi 10.

Matangazo yatoke kwenye kikoa kidogo, mfano habari.kampuniyako.co.tz, na barua za safari zibaki kwenye kikoa kikuu. Utengano huo si kinga kamili, lakini unapunguza uwezekano wa tangazo lililopokelewa vibaya kuburuta ankara pamoja nalo.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai SPF, DKIM na DMARC zote kwa watumaji wakubwa. Kwa Gmail mtumaji mkubwa ni anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail. Hata mdogo lazima awe na SPF au DKIM. Ukiweka zote tatu tangu mwanzo hutakuwa na cha kuhofia orodha ikikua.

Malalamiko machache yanatosha kukuzuia

Gmail wanataka malalamiko ya barua taka yawe chini ya asilimia 0.1, na yasifike asilimia 0.3. Fanya hesabu kwa orodha yako. Barua 1,000 zikifika, watu 3 wakiripoti, umefika kwenye kikomo. Zikiwa 400, wawili tu wanakupeleka asilimia 0.5. Mtu haripoti kwa sababu wewe ni mhalifu. Anaripoti kwa sababu hakumbuki wewe ni nani, au ametafuta kiungo cha kujiondoa hakukiona.

Gmail hawakuambii nani ameripoti. Yahoo na Outlook wana utaratibu wa kurudisha taarifa hizo kwa programu yako, nayo inamwondoa mlalamikaji yenyewe. Gmail wanaonyesha kiwango tu, kupitia Postmaster Tools, ukurasa wao wa takwimu kwa watumaji, na kwa watumaji wadogo mara nyingi hakionekani chochote. Ndiyo maana huwezi kusubiri malalamiko ndipo usafishe. Wapokeaji wa Gmail wanaoacha kujali lazima uwatambue kwa dalili nyingine.

Dalili ya "imefunguliwa" usiitegemee. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple, kwa aliyewasha ulinzi wake wa faragha, hupakua picha zote kwenye seva zake yenyewe, kwa hiyo barua inahesabiwa imefunguliwa hata kama mwenye simu amelala. Hesabu kubofya, majibu, maombi ya bei na safari zilizolipwa. Hata kubofya kutazamwe kwa makini: viungo vyote vikibofywa ndani ya sekunde chache tangu barua ifike, hiyo ni programu ya usalama, si mtu.

Kujiondoa kuwe kwa bofyo moja

Kiungo kiwe chini ya kila barua kwa herufi zinazosomeka, si kijivu hafifu juu ya kijivu. Pia kiwe kwenye kichwa cha barua kisichoonekana, yaani maelezo ya kiufundi yanayosafiri na barua, ili Gmail waonyeshe kitufe chao cha kujiondoa kando ya jina lako. Kichwa hicho kina mistari miwili, List-Unsubscribe yenye anwani ya wavuti, na List-Unsubscribe-Post yenye maneno List-Unsubscribe=One-Click. Mstari wa pili unalazimisha ombi litumwe kama tendo la makusudi, ili zile programu za ukaguzi zinazofungua viungo zisimwondoe mtu bila yeye kujua. Programu kubwa huweka mistari hii zenyewe. Jitumie barua ya jaribio, fungua "onyesha barua asilia" kwenye Gmail, uitafute kwa macho yako. Hapo hapo utaona kama SPF, DKIM na DMARC zimeandikwa PASS.

Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi kilobaiti 102 na kuweka kiungo cha kuona iliyobaki. Kinachokatwa ni sehemu ya chini, yaani kiungo cha kujiondoa. Barua ndefu ya safari kumi na mbili, yenye mapambo yaliyonakiliwa kutoka Word, hufika hapo upesi. Weka safari tatu, zilizobaki ziwe kwenye tovuti, na mpokeaji anayetumia bando la simu hatapoteza data.

Usimtake mtu aingie kwa nenosiri ili ajiondoe, wala aandike sababu. Unaweza kumpa chaguo la kupunguza, "nitumieni mara mbili kwa mwaka tu", kando ya kitufe cha kuondoka kabisa. Ombi litekelezwe ndani ya siku 2, ambao ndio muda wanaoudai Gmail. Na usitume kutoka anwani isiyojibiwa. Watu hujibu: "Niondoeni", "Sitaki tena", "Acheni kunitumia." Atajwe mtu mmoja ofisini, kwa jina, anayesoma majibu kila siku ya kazi na kuyatekeleza kama maombi kamili ya kujiondoa.

Aliyejiondoa asifutwe kana kwamba hakuwahi kuwepo. Anwani yake, peke yake bila taarifa nyingine, ihamie kwenye orodha ya zuio. Ukiifuta kabisa, mwezi ujao mtu atapandisha faili la zamani la Excel na mgeni atarudi kwenye orodha bila mtu kugundua. Kila faili jipya lilinganishwe na orodha ya zuio kabla ya kuingizwa. Programu ikibadilishwa, orodha ya zuio ndiyo ihamishwe kwanza.

Kusafisha

Barua zinazorudi zina namba, na namba hizo zisomwe kabla ya kufuta kitu. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, inayoanza na 4 ni kukwama kwa muda. 550 5.1.1 maana yake anwani haipo: iondoe mara ya kwanza. 452 4.2.2 ni kisanduku kilichojaa: jaribu tena kwenye barua zinazofuata, na ikirudi mara tatu mfululizo iondoe. Lakini katika namba zenye nukta, ya katikati ikiwa 7, kama 550 5.7.26, anwani ni nzima. Kasoro ni yako, kitambulisho cha kikoa hakijakaa sawa au umezuiwa. Wapo wanaofuta mamia ya wageni hai kwa kudhani 5 zote ni vifo. Rekebisha DNS, waache watu wako.

Makosa ya kuandika kama gmial.com au gmail.con usiyasahihishe kwa kukisia. Huenda anwani uliyoisahihisha ni ya mtu mwingine kabisa. Kama una simu ya mgeni, muulize. Kama huna, iondoe.

Kuhusu waliokaa kimya, muda utegemee biashara. Duka la nguo linaweza kumuaga mtu baada ya miezi 6 bila kubofya. Safari ya Afrika Mashariki familia huipangia kwa mwaka mzima au zaidi, hivyo miezi 12 hadi 18 ni haki kwa barua ya kila mwezi. Muda ukifika, tuma barua moja fupi: "Bado ungependa kupata habari zetu?" yenye kitufe kimoja cha ndiyo. Wiki tatu baadaye tuma ya pili kwa wasiojibu. Kimya kikiendelea, waondoe. Orodha itapungua, pengine kwa theluthi, na mwenye kampuni atashtuka. Mwonyeshe maombi ya bei yaliyotokana na orodha, si ukubwa wake.

Barua hiyo ya kuuliza inawahusu waliokwisha kukupa ridhaa tu. Haiwezi kutumika kuwaomba ruhusa waliojiondoa. Mwaka 2017 Kamishna wa Habari wa Uingereza alilitoza shirika la ndege la Flybe faini ya pauni 70,000 kwa kutuma barua zaidi ya milioni 3.3 zenye kichwa cha kuuliza kama taarifa za mteja ni sahihi, kwa watu waliokuwa wamekataa matangazo.

Baada ya kusafisha, usirudi kwa kishindo. Siku ya kwanza tuma kwa 200, walio karibuni zaidi, wale waliosafiri mwaka huu. Kesho kutwa 400, kisha 800, ukitazama zinazorudi. Zikizidi 2 kwa kila 100, simama utafute chanzo gani kinaziingiza. Safu ya chanzo kwenye jedwali itakuonyesha kwa dakika tano.

Nani anaishika orodha

Akaunti ya programu iwe na uthibitishaji wa hatua mbili, na kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingia, si nenosiri moja lililobandikwa ukutani. Ruhusa ya kupakua orodha nzima ibaki kwa watu wawili. Faili likipakuliwa kwa kazi fulani, lifutwe kwenye folda ya vipakuliwa kazi ikiisha, na lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, kwani likifika kwenye simu kumi hakuna wa kulirudisha. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Ikitokea mtu ameweka anwani 300 kwenye Cc, usitume barua ya pili ya "puuzeni barua iliyopita" kwa Cc ileile. Andika saa iliyotokea, idadi ya anwani, na taarifa gani nyingine zilikuwemo. Kwa Kenya, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ujue, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika; kanuni ya Ulaya nayo inaweka saa 72, isipokuwa kama haielekei kuwapo hatari kwa wahusika. Kwa Tanzania peleka taarifa Tume bila kuchelewa. Kisha mwandikie kila mhusika peke yake, umweleze kilichoonekana na walioona ni kina nani, umtahadharishe na barua za kitapeli zitakazojifanya zimetoka kwenu, hasa zinazodai akaunti ya benki ya kulipia safari imebadilika.